Ugonjwa Ulionitungia

Baba Imani, mume wangu,

Nilianza kwa neno "mpendwa", nikalifuta, nikaliandika tena, mwisho nikaamua likae nje kwanza. Nina hasira na wewe. Na kwa kuwa umekwenda mahali ambapo siwezi kukushika koti nikukalishe kwenye kiti cha jikoni unieleze, inabidi niandike. Naandika wazi, wasome wote waliokuwa ukumbini siku tuliyokuzika, maana niliaibika mbele yao.

Huku Husby wameshamaliza kufagia kokoto. Zile kokoto wanazomwaga njiani wakati wa baridi ili tusiteleze, wewe ulizisubiri ziondolewe kama mtoto anavyosubiri shule zifungwe. Ukilisikia tu lile gari la kufagia linapita chini ya dirisha, unapanda juu ya kiti na kuteremsha begi kabatini. Ulikuwa unasema majira ya kuchipua yanafika Stockholm yakiwa yamechoka, kwa hiyo ni heri sisi twende tuyapokee kule yanakoanzia. Ndivyo tulivyofanya kila mwaka. Tulipanda treni kuelekea kusini, miti ya huku ikiwa bado mitupu, na tukiwa tumekaa dirishani tukaona majani yakianza kutokea, kwanza machache, halafu mengi, mpaka siku ya pili tunateremka mahali ambapo watu wamevua makoti.

Safari ya kwanza ilikuwa Vienna. Ulijifunza Kijerumani ndani ya treni, maneno ya kuagizia keki tu, na ulipoyasema yule mhudumu akakujibu kwa Kiingereza, ukakasirika, ukayasema tena mpaka akakubali. Budapest uliwakuta wazee wanacheza drafti ya wafalme na farasi wakiwa ndani ya maji ya moto hadi kifuani, ukaingia ukacheza nao, wakakushinda, ukakataa kutoka. Nilikungoja mpaka vidole vyako vikakunjamana. Lisbon ulipanda vile vilima ukahema, ukasimama, ukaniambia ni Wundanyi kwenu tupu, tofauti ni kwamba hapa wameweka reli. Bologna mvua ilinyesha muda wote, tukakaa chini ya matao tukimenya mayai niliyoyachemsha hapa nyumbani, na wewe ukasema hakuna mfalme aliyewahi kula yai likiwa na ladha ile.

Na kila mahali ulinipiga picha. Hukupenda kunipiga nikiwa nimesimama mbele ya jengo kama watu wengine. Ulipenda niwe nimekaa. Nikiwa kwenye benchi, nimejifunga skafu, nimeelekeza uso juani na kufumba macho. "Tulia hivyo hivyo, Mama Imani," ulikuwa unasema, "usitabasamu." Mimi nikatulia. Nilidhani ni mapenzi. Nilikuwa natoka kwenye kazi ya kuinua wazee vitandani mwaka mzima, mgongo wangu unauma, halafu mwanamume ananiambia tulia, usitabasamu, kaa tu. Ningekuwa mjinga kukataa.

Ulifariki mwezi wa baridi kali, kazini, mchana, kikombe cha kahawa kikiwa mkononi. Moyo. Mama yako miguu haimruhusu safari ndefu, kwa hiyo dada yako Wakesho ndiye aliyekuja kutoka Wundanyi kuwakilisha nyumbani. Nilimpokea uwanja wa ndege na tangu pale nikaona ananishika kwa namna ya ajabu. Alinikataza kubeba mkoba wake. Tulipofika kwenye ngazi za stesheni ya Husby aliniuliza kama nitaweza. Nikafikiri ni huruma kwa mjane. Nyumbani alinikorogea uji kabla hajavua viatu, akasimama karibu yangu mpaka nikaumaliza.

Tukakuzika. Baada ya makaburini watu wakaja ukumbini kula, wote unaowajua: Wakenya wa kanisani, Watanzania wenzangu, Wakongo, mafundi wenzako wa karakana na wake zao. Ilipofika zamu ya familia, Wakesho akasimama. Anajua kusema, dada yako. Aliwashukuru watu, akamshukuru Mungu, halafu akanigeukia.

"Kaka yangu alikuwa mume wa kweli," alisema. "Miaka yote hii ameuguza. Kila mwaka baridi ikiisha alimchukua mke wake akampeleka kwa madaktari, wa Austria, wa Hungary, wa Italia, wala hakuchoka. Leo yeye ametangulia na mgonjwa amebaki. Tunawaomba nyinyi wa huku mtusaidie kumtunza."

Sikuelewa anamsema nani. Niligeuka kutafuta huyo mgonjwa. Nikaona ukumbi mzima unanitazama.

Hebu fikiria, Baba Imani. Watu wale walizijua safari zetu. Walikuwa wamekula biskuti tulizowaletea, walikuwa wamekusikia ukiigiza wazee wa Budapest mpaka wakalia kwa kicheko. Sasa wanasikia yalikuwa matibabu. Nilianza kusema kuna kosa, lakini mchungaji alishaniwekea mkono begani akaomba nipewe nguvu, na watu wakaitikia amina kwa sauti. Ungeitikia wewe pia, ungekuwepo?

Nyumbani nilimkalisha Wakesho pale jikoni, nikamuuliza naumwa nini. Akaniangalia kama anayeona ugonjwa umepanda kichwani. Akatoa simu yake. Zilikuwemo picha zangu zote. Mimi kwenye benchi Vienna, nyuma yangu lile jumba la wafalme, na Wakesho akaniambia ndiyo hospitali kubwa niliyolazwa. Mimi Budapest na lile joho jeupe la kuogea, nywele zimelowa, na hapo ulikuwa umewaambia nimetoka kwenye maji ya tiba. Mimi Bologna, macho yamefumbwa, siku ambayo daktari alisema damu yangu ni nyepesi. Katika picha zote sitabasamu.

Mwanzo nilicheka. Nakwambia ukweli, nilicheka mpaka Wakesho akaogopa. Kisha nikamwambia pole pole, neno kwa neno, kwamba sijawahi kulazwa popote isipokuwa siku ya kumzaa Imani. Alikataa. Akasema kaka yake si mwongo. Hapo ndipo Imani, aliyekuwa amesimama mlangoni na sahani mkononi, akasema, "Jag visste, mamma."

Nilijua, mama. Unamfahamu mwanao, jambo likiwa zito Kiswahili kinamkimbia. Ikabidi nimwambie aseme kwa lugha ambayo shangazi yake ataielewa, maana yeye ndiye aliyedanganywa pamoja na mimi. Imani akaweka sahani chini akaeleza kama ulivyomsimulia. Kwamba mwaka ule wa Vienna ulimpigia mama yako simu kutoka stesheni ya Hamburg, umefurahi, unamwambia tunakwenda kutembea. Kwamba simu ile ilichukuliwa na mdogo wa baba yako, aliyekuwa pale nyumbani, akakuuliza kama ndiyo kazi uliyokwenda kufanya Ulaya, kuzurura na mwanamke wakati wenzako wanahangaika. Kwamba ulimjibu hapohapo, bila kufikiri, "Mke wangu anaumwa, baba. Nampeleka hospitali." Na mzee yule akakuombea safari njema.

Nakumbuka siku hiyo. Ulirudi kwenye benchi ukiwa na vikombe viwili vya chai, nikakuuliza nyumbani wanasemaje, ukasema mtandao mbaya.

Imani alikuwa bado shule alipoanza kupokea simu za bibi yake. Bibi akiuliza mama anaendeleaje, ulikuwa umemfundisha ajibu, "Anaendelea vizuri kidogo." Nimemuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema ulimwambia ni jambo dogo, ni maneno tu ya kuwatuliza watu wa nyumbani, na kwamba ukisema unaumwa hakuna anayekuuliza kwa nini umesafiri. Mtoto akayashika. Analia sasa anapoyasema, na yeye hana kosa. Hilo nalo liweke pamoja na mengine.

Sasa nikuulize. Kwa nini hukuugua wewe? Kama ilikuwa lazima pawe na mgonjwa, kwa nini niwe mimi? Moyo uliokuwa unakusumbua ulikuwa wako. Nilikusihi uende kituo cha afya pale chini, kwa miguu, hakuna treni wala begi, ukasema utakwenda wiki ijayo, kisha baada ya likizo, kisha ukasema madaktari wa huku wanakuambia kunywa maji na kulala. Mtu aliyenizungusha kwa madaktari wa Ulaya nzima alishindwa kuvuka uwanja kumwona daktari mmoja wa kweli.

Na aibu hiyo ilitoka wapi? Tulifanya kazi. Ulilala chini ya mabasi ya watu ukiyafunga na kuyafungua, mikono imepasuka kwa baridi. Mimi niliwaogesha wazazi wa watu. Nyumbani hatukuwatupa hata siku moja, na wao wanajua. Kuna kosa gani watu kama sisi wakikaa juani wiki moja? Wenzetu wa huku wakirudi kutoka safarini wanaulizwa jua lilikuwaje. Sisi mpaka tuwe na cheti cha daktari. Na ubaya ni kwamba hukungoja mtu akudai hicho cheti kila mwaka. Uliulizwa mara moja tu, ukaendelea kukitoa mwenyewe miaka yote iliyofuata.

Baada ya hotuba ile maisha yangu yakabadilika bila ruhusa yangu. Mama Furaha, yule rafiki yetu Mkongo wa Rinkeby, alikuja na supu ya samaki akakaa akinikagua mikono. Nilimweleza yote. Akanisikiliza, akanishika goti, akasema, "Hata mimi ningeficha, dada." Dukani Rinkeby muuzaji alinifungia tangawizi bure na kumwita kijana anibebee mpaka stesheni. Kadiri nilivyokana ndivyo walivyonionea huruma zaidi. Mtu mzima akisema ni mzima, bado anaweza kubishiwa. Hilo sikulijua.

Lakini hayo yote ningeyameza. Watu husahau. Ambalo sikuweza kulimeza ni lile Wakesho aliloniambia siku ya kuondoka, tukiwa tumesimama na mizigo. Aliniomba nisimwambie Mama. Nikamwambia sikupanga kumficha mtu kitu. Akashusha sauti.

"Mama anafunga kila Ijumaa kwa ajili yako," alisema. "Tangu ule mwaka wa Vienna. Hali chochote mpaka jua lizame. Ukimwambia sasa, utamfanya nini?"

Nilikaa chini juu ya begi lake.

Ulijua? Imani anasema hakujua. Nimejaribu kukuonea imani, nimejiambia labda hawakukuambia nawe. Halafu nikakumbuka kwamba Ijumaa hukumpigia simu mama yako kamwe. Ulipiga Jumapili, ulipiga katikati ya wiki, Ijumaa hapana. Kikongwe yule, na miguu ile, na baridi ya vilima vile, ameacha chakula kwa ajili ya damu yangu nyepesi, na mimi nilikuwa Lisbon nakula samaki wa kuchoma.

Aliendelea kunipigia baada ya msiba. Alinipigia ili anitulize, yeye aliyempoteza mwana. Aliniuliza kama nakunywa dawa. Aliniambia nisifanye kazi nzito. Akasema, "Sasa wewe ndiwe umebaki wa kunikumbusha Mwakio, usinifie." Na mimi nikajibu ndiyo, Mama. Nilijibu hivyo mara ya kwanza kwa sababu ya woga, mara ya pili kwa sababu ya mara ya kwanza, na ya tatu nikajisikia sauti yangu inafanana na yako. Nikasema basi.

Nilimpigia Jumamosi asubuhi, nisimkute na njaa. Nilimwambia: Mama, mimi siumwi. Sijawahi kuumwa. Mwakio alikuwa ananipeleka kutembea. Nikasema vile, bila kukupamba na bila kukutukana. Nilimsikia akivuta pumzi. Nilisikia kuku nyuma yake. Kisha akaniuliza, kwa sauti ndogo, kama Imani alijua. Nikasema ndiyo. Akakata simu.

Wakesho alinipigia mchana uleule. Sitakuandikia aliyoniita. Alisema nimekuua mara ya pili, nimeuvua nguo mwili wako mbele ya mama yako. Nikamjibu kwamba nguo hizo alizivaa kaka yake mwenyewe, na kwamba nimechoka kuwa mgonjwa wa familia. Tukaachana hivyo. Jumapili simu haikulia. Jumapili iliyofuata pia haikulia. Nilikuwa nikitoka kazini, nikikaa kwenye treni ya bluu kuelekea nyumbani, nikifikiri kwamba nimempoteza mume na sasa nimempoteza na mama, na yote kwa ajili ya benchi la Vienna.

Kisha akapiga. Ilikuwa Ijumaa.

Hakunisalimu kama kawaida. Aliuliza, "Huko mlikokuwa mnaenda, alikuwa anafanya nini?"

Sikujua nianzie wapi, nikaanzia popote. Nikamweleza keki na Kijerumani chako. Nikamweleza maji ya moto na wale wazee, namna ulivyokataa kutoka, na akaniuliza kama mwishowe uliwashinda, nikasema hapana. Nikamweleza kwamba Lisbon ulisimama kilimani ukaitaja Wundanyi. Hapo akaniambia nirudie, nikarudia. Akaniambia niendelee. Nikamwambia mvua ya Bologna na yale mayai.

"Alikuwa anacheka?" aliuliza.

"Alikuwa anacheka, Mama. Sana. Watu walikuwa wanageuka."

Nikamsikia akilia. Na katikati ya kilio kile akakasirika, Baba Imani, akakasirika kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Nani alimwambia mimi sitaki mtoto wangu acheke?" alisema. "Nani alimwambia? Ningejua alikuwa na raha ningefurahi na yeye miaka hiyo yote. Amenipa huzuni ya bure. Amenipa mgonjwa nisiyekuwa naye, na furaha yake akanificha."

Ndilo nililotaka kukuambia tangu ukumbini, na sikuwa nimelipatia maneno. Ulifikiri unamkinga mama yako na wivu wa watu. Ulimnyang'anya. Alikuwa na mwana anayecheka mpaka wageni wanageuka, na hakuambiwa. Mdogo wa baba yako alisema maneno yake siku moja, wewe ukiwa Hamburg, ukadhani mama yako naye ndivyo alivyo. Hukumuuliza. Hukumpa hata nafasi ya kukuambia nenda.

Nilimuuliza kama amekula. Akasema hajala, wala hajui kama bado anafunga, hajui tena Ijumaa afanye nini. Nikamwambia ale. Nikamsikia akimwita Wakesho alete chai.

Mwaka huu nilikuwa nimeapa sisafiri. Niliona haya kuteremsha lile begi. Mama ndiye aliyeniuliza tulipanga kwenda wapi. Nikasema Munich, ulikuwa unaisema tangu mwaka jana. Akasema, "Basi nenda. Lakini unipigie huko huko, nione."

Tulikwenda na Imani. Treni ikapita Hamburg, na sikuteremka hata kununua maji. Munich kuna bustani kubwa ambayo mto unapita ndani yake, maji ya kijani yanakwenda kwa kasi, na tulifika siku ya kwanza yenye joto la kweli. Watu walikuwa wametapakaa majanini, mamia, wengine wamevua mashati, wengine wamelala chali na kitabu usoni, wazee, vijana, akina mama na watoto wachanga. Nikatandika skafu, nikakaa, nikampigia Mama kwa video. Wakesho ndiye aliyeshika simu upande wa kule. Bado hanisemeshi sana, lakini aliishika vizuri, haikutikisika. Nikageuza kamera ili Mama aone.

Alitazama muda mrefu. Niliona uso wake umesogea karibu na kioo.

"Hawa wote ni wagonjwa?" aliuliza.

"Hapana, Mama. Wanapumzika."

"Mchana hivi?"

"Mchana hivi."

Nyuma yangu Imani alikuwa amejilaza na kuvua viatu.

"Basi na wewe lala," Mama akasema. "Simu mpe mtoto anishikie, mimi naangalia."

Nikalala. Jua lilikuwa usoni na sikufumba macho. Sijakusamehe, Baba Imani, na usidhani safari hii ni msamaha. Lakini nilitabasamu, na mama yako aliniona.

Pumzika, mpendwa.

Mkeo,
Mama Imani